Volvo 240 stesheni wagoni: gari likigoma, anzia wapi?

Volvo 240 zilianza kutengenezwa mwaka 1974, na la mwisho likatoka kiwandani Mei 1993. Kwa hiyo hata ukipata lile linaloitwa "bado jipya", unanunua gari lenye umri wa zaidi ya miaka 30. Watu husema gari hili halifi. Ni kweli kwa upande wa chuma: bloku, krenki, ekseli ya nyuma. Kinachokufa ni nyaya, plastiki, mpira na lehemu, na hivyo vikifa gari huonyesha dalili zile zile za injini iliyochoka. Mwenye gari huambiwa agonge injini, yaani aifungue yote na kuitengeneza upya, kumbe shida ni rilei, swichi ndogo ya umeme inayoenea kiganjani.

Ninayoyaeleza hapa yanahusu injini za petroli za silinda nne, hasa B230 ya kuanzia 1985 yenye injekta za umeme. Za dizeli na za V6 zina magonjwa yake mengine.

Kabla hujatoa pesa

Mambo mawili tu ndiyo ningeyaruhusu yanifanye niondoke bila gari: kutu ya mwilini na nyaya za injini.

Kutu ya juu ya mlango au pembeni mwa tao la tairi inaudhi macho, basi. Inayotisha ni ile ya mahali pa kuwekea jeki, sakafu ya mbele chini ya kapeti, chini ya betri, na mashimo ya buti chini ya ubao wa sakafu. Inua ubao huo hata kama muuzaji amepakia mizigo juu yake (mara nyingi amepakia kwa sababu). Bonyeza bati kwa bisibisi. Likibonyea kama kadibodi, chuma kimeshaisha, hiyo ni rangi tu imebaki.

Nyaya ni kwa magari ya takriban 1980 hadi 1987. Plastiki iliyovishwa nyaya za injini miaka hiyo haikustahimili joto. Chagua waya mmoja karibu na oltaneta au karibu na sensa ya oili, ukunje taratibu kwa vidole. Ukipukutika kama biskuti na kuacha shaba wazi, jua fungu zima la nyaya za injini liko hivyo, na dalili zote utakazozisoma hapa chini zinaweza kutokea kwa zamu, leo hii kesho ile. Uliza kama fungu limeshabadilishwa. Kama bado, bei ya gari izingatie kazi hiyo, na usikubali kuzungushiwa tepu nyeusi kama ndiyo matengenezo.

Na kilomita za kwenye dashibodi usizipe uzito. Ndani ya kipimo kuna gia ndogo ya plastiki inayokatika meno, hasa mtu akibonyeza kitufe cha kurudisha sifuri gari likiwa linatembea. Spidi itaendelea kusoma vizuri huku kilomita zimeganda kwa miaka. Tazama uchakavu wa pedali na kiti cha dereva, hivyo havisimami.

Stata inazungusha lakini gari haliwaki, au linazima likishapata moto

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, nami nitakaa hapa kidogo.

Cha kwanza, fyuzi. Si za kisasa za kuchomeka. Ni vijiti vidogo vyenye ncha za chuma, vimebanwa kati ya vibati viwili, kwenye kisanduku kilicho miguuni pembeni mwa mlango wa mbele. Fyuzi inaweza kuwa nzima kabisa lakini ncha zake zimeota ukungu wa kijani, umeme haupiti. Zima gari, zungusha kila fyuzi kwa kidole mara tano sita mahali pake. Zilizochakaa zitoe, vibati uvisugue kwa msasa laini, uweke mpya. Kuna magari mengi ya aina hii yaliyopona kwa kidole tu. Kwenye mengi yenye injekta kuna pia fyuzi ya ampea 25 iliyokaa peke yake karibu na betri, ndani ya kishikilio cha plastiki. Hiyo inalishwa maji ya mvua na mvuke wa betri, na ikioza mfumo mzima wa injekta unakosa umeme.

Cha pili, rilei ya pampu ya mafuta. Mara nyingi ni nyeupe, imefichwa chini ya dashibodi. Dalili yake ina tabia ya pekee: asubuhi gari linawaka vizuri, unatembea nusu saa, unasimama kununua kitu, ukirudi haliwaki. Ukisubiri lipoe linawaka kama halikuwa na neno. Mimi nilibadilisha pampu nzima kwa dalili hiyo. Siku ya nne likazima tena njiani, na kwa hasira nikapiga ngumi chini ya dashibodi, likawaka. Nilipoifungua ile rilei na kuitazama kwa lenzi, niliona kwenye miguu miwili mzunguko mwembamba kama unywele mahali lehemu ilipoachana na chuma. Baridi ilikuwa inagusa, ikipata joto inaachana. Dakika kumi za kulehemu upya zikamaliza kazi ambayo pampu mpya haikuiweza.

Cha tatu, pampu zenyewe, kwani ziko mbili. Ndogo imo ndani ya tangi, kazi yake kuisukumia mafuta ile kubwa iliyo chini ya gari usawa wa kiti cha nyuma. Mwenzako azungushe stata, wewe sikiliza nyuma. Ukimya maana yake hakuna umeme au pampu imekufa. Mlio wa juu kama nyuki aliyekasirika maana yake pampu kubwa inavuta peke yake kwa sababu ndogo imekufa, au mpira wake ndani ya tangi umepasuka. Gari la namna hii huanza kukata mlimani au kwenye kona tangi likiwa chini ya nusu, na ukijaza tangi linapona kwa muda. Usilizoee hilo. Pampu kubwa nayo itaungua.

Cha nne, moto wa plagi. Yale ya miaka ya mwisho, kuanzia 1989 hivi, yana sensa ya krenki juu ya sehemu ya flaiwili, na waya wake hupukutika kwa joto. Zungusha stata huku ukitazama mshale wa mizunguko ya injini: ukilala sifuri bila hata kutikisika, sensa hiyo ni mshukiwa wa kwanza. Magari hayo hayo yana kisanduku cheusi chini ya boneti chenye kitufe, taa ndogo nyekundu na waya mfupi. Chomeka waya tundu la 2 kwa mafuta au la 6 kwa moto, washa swichi bila kuwasha injini, bonyeza kitufe sekunde moja, kisha hesabu mimweko. 1-1-1 maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. 2-1-4 kwenye tundu la 6 ni ile sensa ya krenki.

Cha mwisho, mkanda wa taimingi. Fungua kifuniko cha kumiminia oili, chungulia kemu (mhimili unaofungua vali) huku mwenzako akizungusha stata, nguo na nywele zikiwa mbali na feni. Kemu haizunguki? Mkanda umekatika. Habari njema ni kwamba kwenye B230 ya vali nane pistoni hazigongi vali, kwa hiyo mkanda mpya ukifungwa kwa alama zake gari huwaka. Gari likinunuliwa bila kumbukumbu ya mkanda, funga mpya bila mjadala.

*Simama hapa:* ukisikia harufu kali ya petroli au ukaona mpira wa mafuta unalia jasho, usijaribu kuwasha tena na usikague kwa taa ya balbu ya kuning'iniza. Kazi ya ndani ya tangi mwachie fundi, pahali penye hewa.

Stata yenyewe kimya

Gari la otomatiki lisogeze gia kwenye N kisha ujaribu. Swichi inayozuia kuwasha gari likiwa kwenye gia huchakaa upande wa P. Likigoma, safisha vichwa vya betri na waya wa chini unaoshika injini. Zaidi ya hapo ni stata, na kuitoa si vita.

Injini inapanda na kushuka ukiwa umesimama, au inamisi

Anza na mipira ya hewa. Iliyo mikubwa ina mikunjo kama akodiani, na nyufa hujificha ndani ya mikunjo. Ivute uinyooshe ndipo uzione. Kisha kuna ile vali ndogo ya duara inayopitisha hewa gari likiwa halikanyagwi. Huziba masizi. Itoe, ipulizie dawa ya kusafishia kabureta, itikise hadi usikie kipande cha ndani kikicheza huru, irudishe. Koo la hewa nalo lisafishwe siku hiyo hiyo.

Bado? Chomoa plagi ya sensa ya hewa, ile iliyo kati ya chujio na mpira mkubwa, swichi ikiwa imezimwa, halafu washa. Kompyuta itakisia kiasi cha hewa yenyewe. Gari likitembea vizuri zaidi bila sensa kuliko likiwa nayo, umempata mkosaji. Kwenye kisanduku cha mimweko itasoma 1-2-1.

Gari linalokula mafuta na kutoa moshi mweusi lina washukiwa wawili zaidi. Moja ni sensa ya joto inayoiambia kompyuta kwamba injini bado baridi. Nyingine ni kidhibiti cha presha ya mafuta. Chomoa ule mpira wake mwembamba unusie: ukiwa na petroli ndani, kiwambo kimepasuka na injini inakunywa mafuta kupitia dirishani.

Oili inavuja kila mahali

Mnunuzi akiona injini imelowa hudhani sili zote zimekufa. Fundi naye hufurahi kuzibadilisha moja moja. Zinavuja tena baada ya mwezi.

Chini ya manifoldi ya hewa kuna kikombe kidogo cha plastiki chenye vitundu, ambacho hewa chafu ya ndani ya injini hupitia ikarudi kuchomwa. Kina ukubwa wa kifuniko cha chupa. Kikiziba uchafu mweusi, ile hewa haina pa kutokea, presha inapanda ndani ya bloku na oili inasukumwa nje kwenye kila sili, nzima kwa mbovu. Dipstiki huruka yenyewe. Kuipima ni rahisi hadi mtu anacheka: injini ikiwa inanguruma, toa kifuniko cha oili, vika glavu nyembamba ya mpira mahali pake. Ikifyonzwa ndani, njia iko wazi. Ikisimama na kuvimba kama mkono unaokuaga, imeziba.

Safisha au badilisha kikombe hicho, zibua mpira wake mwembamba unaokwenda kwenye manifoldi, na ukiweza toa lile boksi la kutenganisha oili lililo ubavuni mwa bloku ulioshe. Osha injini, tembea wiki mbili, ndipo uangalie sili gani kweli inavuja. Mara nyingi zinabaki mbili tu. Oili ikiendelea kudondoka pale injini inapokutana na giaboksi, hiyo ni sili ya nyuma ya krenki. Giaboksi lazima lishuke na kazi ni ya gereji. Glavu ikivimba hata baada ya njia kuzibuliwa, pistoni zinapitisha gesi, na hapo ndipo neno kugonga injini linapoanza kuwa na maana.

Mshale wa joto unapanda

Kwanza tofautisha. Injini inayochemsha kweli hupandisha mshale pole pole. Mshale unaoruka hadi kwenye nyekundu kwa sekunde moja na kurudi, tena ukiwasha taa au feni ya ndani, unaonyesha ugonjwa wa umeme: nyuma ya vipimo, kuanzia mifano ya 1986 hivi, kuna kibao kidogo kilichowekwa ili kuutuliza mshale, nacho huharibika kikaanza kudanganya. Hata hivyo uthibitishe kwa kipimajoto kingine kabla hujaupuuza. Aliyezoea mshale mwongo hatauamini siku utakaposema kweli.

Joto likiwa la kweli, fuata mpangilio huu: kiasi cha maji injini ikiwa baridi, kifuniko cha tangi la maji kisichoshika presha, themostati, feni, rejeta. Feni ijaribu injini ikiwa imezimwa na baridi: izungushe kwa mkono. Ikizunguka huru kama pangaboi, klachi yake imekwisha. Gasketi ya hedi iweke mwisho wa orodha. Dalili zake ni mapovu yasiyokoma kwenye tangi la maji, moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa.

*Simama hapa:* usifungue kifuniko gari likiwa la moto, hata kwa kitambaa. Na ukiona moja ya zile dalili za gasketi, zima na ulivute. Hedi ni ya aluminiamu, ikipinda gharama inabadilika sura.

Gia ya nne haiingii

Kwenye otomatiki ya AW70 au AW71 gia ya nne huruhusiwa kwa umeme, kwa kitufe kilicho ubavuni mwa mpini wa gia. Kibonyeze utazame mshale mdogo kwenye dashibodi. Ukiwa unawaka na kuzima kwa kila mbonyezo, umeme wa kitufe upo. Pima valivu ya umeme iliyo ubavuni mwa giaboksi na oringi zake mbili. Usipowaka kabisa, tafuta rilei yake, ambayo lehemu yake hupasuka kama ile ya pampu, au waya uliokatika ndani ya mpini. Kabla ya yote pima oili ya giaboksi gari likiwa na moto, linanguruma, gia ikiwa P. Ikinuka kuungua na kuwa nyeusi, acha kulitembeza. Ikiwa safi, hakuna mtu mwenye haki ya kukuuzia giaboksi nyingine.

Betri inaisha, chaji haiingii

Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya betri lazima iwake. Isipowaka, badilisha balbu. Siyo utani. Umeme wa kuiamsha oltaneta unapita kwenye balbu hiyo. Ikiungua, oltaneta nzima inaweza kulala usingizi. Baada ya hapo angalia waya wa chini wa oltaneta, kisha bushi zake za mpira, ambazo zikilika oltaneta inakaa upande na mkanda unapiga kelele hata ukikazwa vipi, kisha brashi za ndani. Gari likiwaka, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5.

Mlango wa nyuma: waipa imekufa, taa hazisomi, moshi unaingia ndani

Hapa ndipo stesheni wagoni inapotofautiana na saluni, yaani gari la buti lililotengwa na viti. Nyaya zote za mlango wa nyuma hupita kwenye bawaba za juu, na kila ukifungua na kufunga zinakunjwa. Baada ya miaka 30 zinakatika moja moja ndani ya mpira wake. Fungua mlango nusu, tikisa fungu hilo huku waipa au taa ya namba ikiwa imewashwa. Ikiwaka na kuzima, usinunue mota. Unga waya mpya laini wenye nyuzi nyingi, na maungio yakae mbali na pale panapokunjwa.

Harufu ya ekzosi ndani ya gari si jambo la kuvumilia. Umbo la gari hili huvuta hewa ya nyuma na kuirudisha ndani, hivyo sili ya mlango iliyokakamaa inaingiza moshi kwenye viti hata kama bomba halijatoboka. Weka karatasi kati ya sili na bodi, funga, ivute: ikitoka bila kukaza, pale ndipo penye njia. Usitembee na mlango wa nyuma ukiwa wazi kwa ajili ya mzigo mrefu. Abiria akianza kuumwa kichwa au kusinzia ovyo, simamisha gari, shusheni watu, na lisiendeshwe mpaka bomba zima limekaguliwa.

Linagonga nyuma ukikanyaga au ukiachia mafuta

Bushi. Karibu kila mara ni bushi za mikono ya nyuma inayoshika ekseli. Za mbele zikilika, gari huyumba ukifunga breki. Kuzitoa kunahitaji presi, na ukiwa chini ya gari uwe juu ya stendi. Jeki peke yake haiaminiki.

Pedali ya breki

Ikienda chini laini baada ya kazi ya breki, mara nyingi ni hewa, na hapa gari hili lina hila. Kwa yasiyo na ABS (mfumo unaozuia matairi kukwama ukifunga breki), kila tairi la mbele lina mipira miwili, kwa sababu breki zimegawanywa njia mbili na kila njia inashika matairi yote mawili ya mbele pamoja na moja la nyuma. Fundi anayetoa hewa kwa mpangilio wa magari mengine huacha hewa ndani, kisha anakuuzia silinda kubwa ya breki, ile inayosukumwa na pedali. Mwambie afuate mpangilio wa kitabu cha gari hili.

Pedali inayozama pole pole ukiwa umeikanyaga na kutulia, wakati hakuna mafuta ya breki yanayovuja nje, ndiyo silinda kubwa yenyewe. Hapo usiliendeshe hata hadi gereji, lipakiwe.